Baba akirudi kutoka kwenye shabaha, risasi hurudi naye

Mtu akinunua simu mpya huiwasha palepale dukani. Akinunua pikipiki huizungusha mtaa mzima. Anayepata bastola mpya naye ana hamu ileile ya kuijaribu, ila kwa silaha hakuna mzaha. Haijaribiwi uani wala shambani, na haifyatuliwi juu usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Hujaribiwa kwenye uwanja wa shabaha, au renji kama wanavyopaita waliopitia mgambo na JKT, chini ya macho ya mkufunzi.

Mkoani Katavi wenye hamu hiyo si wengi, lakini wapo. Mfanyabiashara anayekwenda Mpimbwe kununua mpunga msimu wa mavuno hutembea na fedha taslimu. Mnunuzi wa dhahabu hutembea na nyingi zaidi, na barabara za kutoka machimboni hadi Mpanda mjini ni ndefu na zina pori. Baadhi yao huamua kuomba kibali cha bastola. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na kuishia polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ni safari ndefu, na ni vizuri iwe hivyo.

Maswali anayoulizwa mwombaji njiani ni ya usalama: tabia yake, afya ya akili, mahali atakapoihifadhi silaha. Swali ambalo ni nadra kusikika ni la mama mwenye mtoto wa miezi minane anayetambaa sebuleni: baba akirudi jioni kutoka renji, amerudi na nini kwenye nguo zake?

Kiswahili kina jibu lake tangu zamani. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu. Risasi pia ni metali nzito ya kijivu, laini, inayoyeyuka hata kwenye jiko la mkaa, ile inayowekwa kwenye betri za magari na ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Neno limetoka Kiarabu na limebeba maana zote mbili kwa sababu kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Hata leo, risasi nyingi za bastola zenye ganda la rangi ya shaba kwa nje zina moyo wa metali hiyo ndani.

Mzazi anayemiliki silaha ana risasi mbili za kuzilinda zisimfikie mtoto. Moja inajulikana na kila mtu. Nyingine haina mlio.

Mji uliojengwa kwa risasi

Watu wa Mpanda wana sababu ya kulijua hili kuliko wengine, ingawa vijana wengi wa mjini hawajawahi kusimuliwa. Treni inayotoka Tabora, ikakata kona Kaliua na kushuka kusini hadi Mpanda, haikuletwa kwa ajili ya abiria wala magunia ya mchele. Reli hiyo ya kilomita 210 hivi ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa Mukwamba, uliokuwa ukichimba risasi. Ile metali, siyo zana. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru, reli ikabaki, na mji ukabaki nayo.

Miamba haikuondoka. Wanajiolojia wameeleza kwa miaka mingi kwamba dhahabu ya ukanda wa Mpanda hupatikana pamoja na madini ya shaba na risasi. Mchimbaji mdogo anayeponda mawe hapondi dhahabu peke yake.

Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, wachimbaji wadogo walikuwa wakibeba mawe yenye dhahabu hadi nyumbani na kuyasaga huko, wakati mwingine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Mawe yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wasiopungua 400 walikufa kabla ulimwengu haujaelewa kilichokuwa kinaendelea. Jirani zaidi kuna Kabwe, ile ya Zambia, siyo bandari ya Nkasi. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto wa mitaa iliyo karibu nao wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa kuwa vumbi limo kwenye udongo wanaochezea.

Hiyo haina maana kwamba renji ni Zamfara. Kiasi ni tofauti sana. Njia lakini ni moja: vumbi, mikono, mdomo. Na katika kisa cha Zamfara aliyelileta vumbi nyumbani alikuwa mzazi aliyekwenda kutafuta riziki.

Moshi unaoonekana na usioonekana

Kitako cha kila risasi ya bastola kina fataki ndogo inayowasha baruti. Katika risasi nyingi zinazouzwa duniani, fataki hiyo ina kemikali yenye madini ya risasi. Kifyatulio kikivutwa, pini hugonga fataki, inalipuka na kuwa moshi. Wakati huohuo gesi ya moto pamoja na msuguano ndani ya mtutu hukwangua chembe za metali. Zote hutoka kama wingu dogo mbele ya uso wa anayelenga, kwenye urefu uleule anaovutia pumzi.

Sehemu ya wingu huingia mapafuni. Sehemu hutua kwenye mikono, nywele, shati, suruali na viatu. Kule mwisho wa uwanja, risasi ikigonga tuta la udongo au bamba la chuma hupasuka na kuongeza vumbi lingine, na anayekwenda kubandua karatasi ya shabaha ahesabu matundu yake hulikanyaga.

Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikusanya tafiti 36 zilizopima damu za watu wanaotumia viwanja vya shabaha katika nchi mbalimbali. Katika tafiti 31 kati ya hizo walikuwapo watu waliokutwa na zaidi ya mikrogramu 10 za risasi kwa desilita moja ya damu. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linashauri kwamba mtu akifikia mikrogramu 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Haki itendeke hapa. Baba aliyekwenda mara moja kujaribu bastola yake mpya, akafyatua risasi ishirini au thelathini kwenye uwanja wa wazi wenye upepo, hajajitia sumu. Uwanja wa wazi ni afadhali kuliko chumba. Tatizo linakua kwa anayerudiarudia: mkufunzi, mlinzi wa kampuni anayefanya mazoezi kila mara, askari wa wanyamapori, na yule mfanyabiashara ambaye mazoezi ya lazima yamegeuka kuwa mchezo wa kila Jumamosi. Damu huitoa risasi taratibu, nusu yake ikiondoka katika mwezi mmoja hivi. Inayoingia kwenye mifupa hukaa miaka mingi, hata makumi.

Kwa nini mtoto huumia zaidi

Mtu mzima akimeza chembe za risasi, nyingi hupita tumboni na kutoka. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Na mtoto humeza zaidi, kwa kuwa anatambaa kwenye sakafu na mkeka, analamba vidole, anatafuna kola ya shati la baba aliyembeba.

Mwili wake haujui kutofautisha risasi na madini unayoyahitaji. Huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ikaingia kwenye mifupa na kwenye ubongo unaojengwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma, yule ambaye kliniki wamesema damu yake ni ndogo, hufyonza zaidi. Kwa mkoa unaopakana na Ziwa Tanganyika chakula cha kusaidia hakiko mbali: dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maharage, mboga za majani, maziwa. Chakula hicho hupunguza ufyonzaji. Hakiondoi sumu iliyokwishaingia, na anayeuza unga wa kusafisha risasi mwilini aachwe na unga wake.

Dalili zenyewe hazipigi kelele. Mtoto anakuwa mchovu, hana hamu ya kula, anapata choo kigumu, tumbo linamuuma, anakuwa na hasira za ghafla. Dalili hizo zinafanana na za minyoo, na mzazi hununua dawa ya minyoo. Mara nyingi hakuna dalili kabisa. Kinachoonekana miaka baadaye ni mtoto asiyetulia darasani na anayeshika masomo kwa shida, huku lawama ikimwendea mwalimu au mtoto mwenyewe. Madhara kwa ubongo hayarudishwi nyuma. Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini hupewa waliofikia viwango vya juu. Mwongozo wa WHO unaanzia mikrogramu 45 kwa mtoto.

Mama mjamzito naye yumo. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ile iliyolala kwenye mifupa ya mama tangu zamani hutoka wakati wa ujauzito pamoja na kalsiamu.

Beseni la nguo

Chukulia baba wa mtaa wa Makanyagio amerudi saa kumi na moja jioni, ana furaha, shabaha imekubali. Anamnyanyua mwanawe mlangoni, anamrusha juu na kumdaka. Anavua shati na kulitupa kwenye tenga la nguo chafu, juu ya nepi na sare za shule. Kesho yake asubuhi mama, au dada wa kazi, anazikung'uta nguo zote pamoja na kuzifua kwa mikono kwenye beseni moja. Maji yanamwagwa kwenye tuta la mchicha nyuma ya jiko.

Hakuna aliyekosea kwa makusudi katika nyumba hiyo, na kila hatua imesogeza vumbi karibu na mtoto. Katika nchi nyingi ushauri kwa wanaolenga shabaha huandikwa kwa nyumba zenye mashine ya kufulia. Hapa anayefua ni mtu, mara nyingi msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwahi kuiona bastola yenyewe, na hakuna anayemweleza shati lile lilikuwa wapi.

Mama wa nyumba ana haki ya kusema, "Baba watoto, kaoge kwanza, mtoto atakusubiri," na jibu la heshima ni kwenda kuoga. Kabla ya hapo, renjini kwenyewe, mikono na uso vioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kushika chupa ya maji, karanga, sigara au usukani wa gari. Kutakasa mikono kwa jeli ya kuua vijidudu hakusaidii kitu. Risasi si kijidudu na haifi. Viatu vya renji vibaki nje ya mlango. Nguo za renji ziwekwe kwenye mfuko wao, zisikung'utwe, zifuliwe peke yake na mwenye nazo, na maji yamwagwe mbali na bustani na kisima. Sakafu iliyokanyagwa na viatu hivyo ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi na kulitandaza upya.

Kusafisha bastola ni renji ya pili. Masizi yanayotoka ndani ya mtutu kwenye brashi na vitambaa ndiyo yaleyale, na watu husafishia kwenye meza ya chakula kwa kuwa ndiyo yenye mwanga. Ifanyike nje au kibarazani, juu ya gazeti la kutupwa, watoto wakiwa mbali. Na mafuta ya kusafishia yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Wahudumu wa hospitali wanawajua vizuri watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni soda.

Halafu kuna maganda. Ganda tupu la risasi ni zuri, linang'aa, likipulizwa linalia kama filimbi. Akina baba huyaleta nyumbani kama zawadi, na hapo filimbi hiyo iliyojaa masizi huingia moja kwa moja mdomoni. Maganda yabaki renjini.

Mwenye wasiwasi na mtoto wake amweleze daktari wazi kwamba nyumbani kuna mtu anayelenga shabaha, anayechimba au anayeyeyusha risasi, kwa kuwa daktari asiyeambiwa hana sababu ya kuifikiria. Kipimo cha risasi kwenye damu si cha kila zahanati. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ni mahali pa kuanzia kuuliza, na sampuli inaweza kuhitaji kusafirishwa hadi maabara kubwa.

Masikio hayana kope

Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Mashine ya kusaga mahindi hufika 90 na zaidi. Mlio wa bastola sikioni mwa anayefyatua hupita 150, na hesabu ya desibeli hupanda kwa kuzidisha: kila 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. WHO inashauri mlio wa ghafla usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima, na 120 kwa mtoto.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikivunjika havioti tena. Yule anayetoka renji masikio yakilia nziii hadi usiku huenda amekwisha kupoteza baadhi yao, hata kama asubuhi mlio umekoma. Pamba haizuii kitu hapa. Kinachosaidia ni vizibo maalumu vya masikio, au vifuniko vile vikubwa kama vya redio, na wataalamu hushauri vyote viwili kwa pamoja, pamoja na miwani ya kukinga macho.

Mtoto asipelekwe kutazama. Wapo akina baba wanaomchukua mtoto wa kiume wa miaka sita ili "azoee". Anachozoea ni moshi na mlio uliozidi kiwango chake, na wazo kwamba bastola ni kifaa cha kuonyeshana.

Nimemwambia asiguse

Risasi yenye mlio ndiyo inayoua papo hapo, na hapa wazazi wengi wanaamini wamekwisha jikinga kwa sababu wamemfundisha mtoto.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha jaribio ambalo kila mmiliki wa silaha angefaa kulijua. Watafiti mjini Atlanta waliwaweka wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, ndani ya chumba chenye droo, wakiwatazama kupitia kioo cha upande mmoja kwa dakika zisizozidi 15. Kwenye droo moja waliweka bastola za maji, kwenye nyingine bastola halisi isiyo na risasi, iliyofungwa kifaa cha kutambua ikivutwa kifyatulio kwa nguvu ya kutosha. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliiona. Katika 16 waliishika. Katika 10, mmoja wao au zaidi alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya waliokuwa wameipata walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika kama ni halisi. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuivuta walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa silaha.

Wavulana hao hawakuwa watukutu. Walifanya kile ambacho mtoto hufanya akipata kitu cha ajabu. "Mwanangu ananisikia" ni kweli mpaka siku baba hayupo.

Kwa bastola ya kisasa kuna kosa linalorudiwa na watu wazima wenyewe. Mtu huchomoa magazini, anaona bastola imekuwa nyepesi, anasema imeisha. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na itatoka kifyatulio kikivutwa, kwa kuwa bastola nyingi hufyatua hata bila magazini. Kuitoa kunahitaji mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kikae nje ya kifyatulio, magazini itolewe kwanza, kisha sehemu ya juu ivutwe nyuma na chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Mkufunzi wa renji huonyesha hili siku ya kwanza. Anayetoka renji bila kulirudia mpaka mikono imelizoea hajamaliza kilichompeleka, hata kama karatasi yake ina matundu yote katikati.

Nyumbani, bastola ikae tupu ndani ya kasiki ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta au sakafu, na risasi zikae mahali pengine chini ya kufuli lake. Chini ya godoro, juu ya kabati, kwenye mkoba wa mama na kwenye dashibodi ya gari ni mahali ambapo mtoto wa miaka minne hupafikia. Vidole gumba vyake viwili pamoja vina nguvu ya kuvuta kifyatulio ambacho kidole kimoja hakiwezi.

Jambo moja huzungumzwa kwa sauti ya chini. Nyumba hupita kwenye vipindi vibaya: biashara imeanguka, ndoa inatikisika, mtu hali, halali, anasema hana maana tena. Wengi wanaonusurika jaribio la kujiua hawajaribu tena hadi kufa, ila bastola huacha wachache sana wanaonusurika. Katika kipindi hicho silaha itoke ndani ya nyumba. Mmiliki mwenyewe, au ndugu anayemjali, aende kituo cha polisi kuuliza utaratibu wa kuikabidhi kwa muda, na mgonjwa apelekwe hospitali. Aibu ya kuulizwa na majirani ni ndogo.

Gobore la babu

Familia nyingi za Katavi hazitanunua bastola maisha yao yote. Silaha ambayo watoto wao wanaweza kukutana nayo ni nyingine, na iko kijijini.

Shule zikifungwa Desemba, watoto wa Mpanda hutawanyika kwa bibi na babu: Inyonga, Majimoto, Usevya, Karema, Mishamo. Mkoa huu una hifadhi, mapori na historia ndefu ya uwindaji, na gobore limekuwa sehemu ya nyumba za wawindaji tangu zamani. Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa wanaomiliki silaha isivyo halali ili wazisalimishe bila kushtakiwa. Wapo waliosalimisha. Yale yaliyobaki hayatangazwi.

Gobore ni hatari kwa namna yake. Baruti na goroli hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na likishashindiliwa hakuna magazini ya kuchomoa. Kulitoa bila kulifyatua ni kazi. Mzee aliyelishindilia kwa ajili ya nguruwe wanaokula mahindi, nguruwe wasije, hulitundika lilivyo. Baruti kavu hungoja. Na baadhi ya wanaotengeneza risasi zao wenyewe huyeyusha betri za zamani au vyuma vya nyavu kwenye mafiga yanayopikiwa ugali, hivyo risasi zote mbili zikawa katika jiko moja.

Mzazi huona haya kumuuliza mkwe. Swali linaweza kuulizwa kwa adabu, kabla ya basi kuondoka na si baada ya mtoto kufika: "Shikamoo baba. Wajukuu wako wanakuja Jumamosi, na huyu mdogo siku hizi anapekua kila kitu. Ile ya shambani umeiweka wapi?" Babu anayewapenda wajukuu hatakasirika. Akisema iko ukutani, mtoto wa kiume au mkwe atangulie siku moja kabla, wazungumze wawili, na kwa lisilo na kibali wamtafute polisi kata awaeleze njia ya kulisalimisha.